Jina la Shaba

Tikiti lilisema ndiyo.

Gwakisa alicheka kwanza. Alikuwa amelinunua asubuhi ile sokoni Mwanjelwa, tikiti la kawaida lenye mistari, kwa sababu kichwa cha bandia tunachopimia mashine kilikuwa kimepelekwa Dar kurekebishwa na hakijarudi. "Dada Suba, kwani kichwa cha mtu ni nini? Maji, chumvi na ganda," aliniambia huku akilivisha tikiti kofia ya mashine yetu ya Sikio, zile koili sita na mkanda wa kidevuni, ingawa kidevu hakikuwepo. Akakoroga maji ya chumvi, akalidunga kwa bomba la sindano. Nikamwambia akimaliza upuuzi wake alikate tule, chumvi na yote. Akafunga kifuniko cha mashine, akabonyeza, na ile sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ikaliuliza tikiti swali lililoandikwa kwenye sheria: "Je, uko tayari tukuache uende?"

Kwenye skrini ikasimama mistari miwili mirefu, kama inavyotakiwa. Kisha pembeni yake ukasimama wa tatu.

"Limekubali," alisema Gwakisa, bado anacheka. "Maskini, limechoka na dunia."

Akauliza tena. Likakubali tena. Mara ya tatu likakubali, taa ya kijani ikawaka, na mashine ikatema karatasi ya Ridhaa yenye muhuri, tarehe, saa, na nafasi ya ndugu kutia saini. Gwakisa aliacha kucheka. Mimi nilikuwa nimeshakaa chini.

Huo mstari wa tatu ndiyo kazi nzima ya Sikio. Mtu amelala miezi bila fahamu, anapumulishwa na mashine, ndugu zake hawajui kama yumo au hayumo. Unampitishia fuvuni mawimbi mawili mepesi, wakati huohuo unamuuliza sikioni. Ubongo usiosikia unayarudisha mawimbi yale yale mawili. Ubongo uliosikia na kukubali unayachanganya, na katika kuchanganywa linazaliwa la tatu, dogo mno, sehemu moja ya milioni ya yale yaliyotumwa. Ili ulipate unahitaji amplifaya safi. Safi kwetu maana yake ni moja tu: ikuze ilichopewa, isiongeze neno lake. Amplifaya chafu huyachanganya mawimbi yenyewe, ikazaa la tatu tumboni mwake na kulitoa kwa jina la mgonjwa. Ndiyo maana bodi za Sikio hazichorwi na kila mtu. Zinachorwa na mimi, na nimekuwa nikijisifu kwa hilo karibu miaka kumi.

"Hii ni mashine ipi?" nilimuuliza Gwakisa, ingawa nilikuwa naiona.

"Ile ya hospitali. Imekuja matengenezo ya mwaka, inarudi Alhamisi." Akasita. "Ndiyo pekee yenye bodi ya saba, dada."

Bodi ya saba ilimuuliza baba yangu miezi minane iliyopita. Alijibu ndiyo mara tatu, taa ya kijani ikawaka, mama akatia saini, na saa nane mchana wakazima mashine ya kupumulia. Alikufa nimemshika mguu, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwa mama.

*

Nikaifungua. Nikaiweka bodi chini ya kioo cha kukuzia, nikaanza kuikagua njia kwa njia, na naapa sijawahi kutafuta kosa huku nikiomba nisilipate.

Bodi ya mawimbi ya kasi haina uvumilivu. Waya unaoonekana ni waya, kwake ni kitu kingine: ukiwa mrefu kidogo unakuwa antena, ukikaa karibu na mwenzake wanaanza kunong'onezana. Kila mkondo unaokwenda lazima urudi, na hurudi kwenye shaba ya chini, tunayoiita ethi, ukipita chinichini mwa njia uliyoendea. Ukiikata ile shaba, umeulazimisha mkondo kuzunguka, na katika kuzunguka unaokota kelele za majirani. Kwa hiyo niliangalia ethi: nzima, haina mpasuko. Nikaangalia kapasita za umeme: zimebanana na miguu ya chipu, hata unywele haupiti. Njia ya marejesho, ile inayorudisha kidogo cha sauti ya nje ili amplifaya ijisahihishe, ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kuchora. Mlango wa kuingilia uko kaskazini, wa kutokea kusini, na katikati yake nimeacha uwanja mtupu.

Haukuwa mtupu. Katikati ya uwanja niliandika jina la baba.

Hapa karakana tuna desturi yetu. Kila anayechora bodi, akimaliza, huiandikia jina la mtu, na halijalishi ni mzazi, mtoto au marehemu. Viwanda vya wenzetu huandika majina yao kwa rangi nyeupe juu ya bodi. Sisi tuliona rangi inafutika ukiisafisha bodi kwa spiriti, na mtu umpendaye humuandiki kwa kitu kinachofutika. Sisi tunaandika kwa shaba. Kompyuta ya ukaguzi ikikuta maandishi inayahesabu kuwa pambo, inaruka, inaendelea na safari yake. Kwenye bodi sita za mwanzo haikuleta neno, maana mawimbi yake yalikuwa ya polepole. Kwenye ya saba niliyaongeza kasi mara kumi ili jibu lipatikane kwa sekunde badala ya dakika. Baba alikuwa ameshalala wiki tisa. Nilikuwa na haraka, na nilitaka jina lake liwe pahala pazuri.

ANANGISYE. Herufi tisa za shaba zisizogusa ethi popote, zinaning'inia kati ya mlango wa kutokea na wa kuingilia, zinadaka kinachotoka na kukirudisha ndani. Kifuniko kikiwa wazi, sehemu kubwa inapotelea hewani. Kikifungwa, yote inarudi nyumbani. Na sisi wajuzi siku zote tulipima kifuniko kikiwa wazi, ili sindano za kupimia zipate nafasi. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu nilikishona mwenyewe.

Ningeweza kuliunganisha jina na ethi kwa tone moja la risasi, nalo lingetulia. Gwakisa aliniambia hivyo, akaniletea na pasi ya kulehemu imeshapata moto. Nikamwambia aiondoe mbele yangu. Nilichukua kisu cha kukwangulia, nikaanza na E ya mwisho.

Nilikuwa nakwangua herufi, nafunga kifuniko, naliuliza tikiti. Ilipoondoka E mstari wa tatu ukashuka kidogo. Y ikaondoka, S ikaondoka. Vumbi la shaba liliingia kwenye kucha. Baba alikuwa fundi redio. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika pasi kabla sijajua kushika kalamu vizuri, na aliniruhusu nimuunguzie redio za watu na kuomba radhi kwa niaba yangu. G ilikataa, nikaikandamiza mpaka kisu kikateleza na kunikata kidole cha shahada. Sikusikia maumivu, au niliyasikia nikaona yananistahili. Ilipobaki A ya kwanza, mstari ulikuwa kama alama ya penseli. Nikaikwangua nayo.

"Je, uko tayari tukuache uende?"

Tikiti likanyamaza. Likanyamaza mara zote tatu, na mashine haikutoa karatasi.

*

Tulipitia daftari la hospitali. Bodi ya saba ilikuwa imewauliza watu kumi na wanne. Watatu haikuwapatia jibu. Gwakisa alikumbuka kwamba siku zile kifuniko kilikuwa kimepelekwa kunyooshwa, na mashine ilitumika bila hicho. Kumi na mmoja walisema ndiyo. Kumi kati yao wamezikwa.

Gwakisa alikwenda kufunga mlango wa karakana, kisha akarudi akakaa karibu yangu. Ni kijana mwema, nasema hivi kwa sababu yaliyofuata yanaweza kukufanya umdhanie vingine.

"Dada Suba, nisikilize. Mashine inarudi na bodi safi. Tunaandika 'imefanyiwa matengenezo', na ni kweli imefanyiwa. Kuanzia Alhamisi hakuna mtu atakayesemewa. Hatuharibu kitu."

"Na hao kumi?"

"Hao kumi utawafufua?" Aliuliza taratibu, bila ukali. "Wapo watu kumi huko majumbani wanalala usingizi kwa sababu waliambiwa mtu wao aliridhia mwenyewe. Ukiwaandikia barua leo, unawaambia nini? Kwamba mliua? Kwamba labda mliua? Na wewe mwenyewe hujui. Huenda wote kumi wangesema ndiyo hata kwa bodi safi."

"Huenda."

"Basi. Mama yako ni mmoja wao, dada. Mwache mama."

Nilimchukia Gwakisa dakika ile kwa sababu alisema kitu nilichokuwa nimeshajiambia tangu herufi ya tatu. Mama yangu tangu kifo cha baba amekuwa mtu wa kuwaliwaza wengine. Anakwenda misibani Uyole nzima, anakaa na wajane, anawaambia: "Mimi wangu aliniaga mwenyewe. Aliniambia ndiyo, niache niende. Mungu alinipa hiyo." Hiyo ndiyo fimbo anayotembelea. Kumnyang'anya mtu mzima fimbo yake kwa ajili ya ukweli, huo ukweli ni wa nani? Niliona ni wangu mimi, wa kunipunguzia uzito moyoni, na mama ndiye atakayeubeba.

Nikamwambia Gwakisa sawa. Ndiyo, nilisema sawa. Nikachora bodi upya, haina jina, na keshokutwa yake, Jumatano, ilikuwa tayari.

Kisha nikamkumbuka wa kumi na moja.

*

Wa kumi na moja alikuwa dereva wa lori, Baba Lusekelo, na alikuwa hai bado kwa sababu mkewe alikataa kusaini. Miezi minne nyuma mumewe alijibu ndiyo mara tatu mbele ya ndugu, daktari akampa kalamu, naye Mama Lusekelo akairudisha kalamu mezani akasema huyu siye. Hakueleza zaidi, kwa sababu hakuwa na zaidi ya kueleza. Ukoo ulikaa kikao. Walisema anamfunga mtu aliyekwisha kuomba ruhusa, kwamba ni ubishi na uchawi, na tangu siku hiyo shemeji zake hawapokei salamu yake. Hata mwanawe Lusekelo, msichana mkubwa aliyeolewa Tukuyu, aliacha kuja.

Nilikwenda na mashine hospitali Jumatano hiyohiyo, siku moja kabla ya ratiba, nikijidanganya kwamba naijaribu mashine tu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anamkata mumewe kucha.

"Ugonile, mama," nilimsalimu.

Alishtuka kusalimiwa. "Ee, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndiye mimi. Nimeitengeneza. Naomba nimuulize tena Baba Lusekelo, ukiniruhusu."

Alifuta vipande vya kucha kwenye shuka akavitia kwenye kitambaa. "Muulize. Mara hii nitamshika mkono, maana siku ile walinikataza."

Nilimvisha kofia, nikafunga kifuniko, nikakaza skrubu zote nne. Sauti ikauliza. Mistari miwili. Pembeni, tupu. Nikauliza tena, nikauliza tena, na pale ambapo miezi minne iliyopita palisimama ndiyo tatu, hapakuwa na kitu. Kimya cha Sikio si hapana. Mashine haijui hapana. Inajua ndiyo na inajua kimya, na sheria haina swali jingine.

"Hajibu," nilimwambia.

"Hajibu kwa sababu hayupo, au kwa sababu hataki?"

"Sijui, mama. Mashine haiwezi kutofautisha."

"Si umuulize lingine," alisema, kwa sauti ile ya kumwambia mtoto kitu kilicho wazi. "Muulize kama anataka kukaa na mimi."

Nakiri kwamba katika miaka yote hiyo sikuwahi kulifikiria. Tuliijenga mashine ya kumuuliza mtu kama anataka kufa, tukaisafisha, tukaiongeza kasi, tukaiandikia majina ya wapendwa wetu, na hakuna kati yetu aliyefikiria kumuuliza kama anataka kuishi. Nilizima ile sauti iliyorekodiwa, nikampa kipaza sauti. Akakishika kwa mikono miwili.

"Baba Lusekelo. Ni mimi. Wamesema mengi, umeyasikia. Nikae na wewe?"

Mstari wa tatu ukasimama. Ulikuwa mwembamba, umenyooka, hauna ukungu hata chembe pembeni. Katika kazi yangu sijaona ishara safi kama ile. Akauliza mara mbili zaidi, ukasimama mara mbili zaidi.

Nilidhani atapiga vigelegele. Aliinamisha kichwa tu kwenye mkono wa mumewe, mabega yakatulia, na alipoinua uso macho yake hayakuwa kwa mumewe, yalikuwa kwangu.

"Siku ile alisema ndiyo nani?"

"Mashine, mama. Lilikuwa kosa langu."

"Imewauliza wangapi, hiyo yenye kosa?"

"Waliojibu ndiyo ni kumi na mmoja, pamoja na mzee."

"Wengine wako wapi?"

Nikaanza kulegeza skrubu za kifuniko. Alikunja kile kitambaa cha kucha, akakichomeka kwenye mkanda wa kitenge chake.

"Shemeji zangu hawatanisikia kwa mdomo wangu," alisema. "Niandikie. Andika kosa lilikuwa nini, ulione limeandikwa, utie jina lako. Na mwanangu Lusekelo umpelekee nakala, tafadhali. Nataka aje amwone baba yake."

La kuvunda halina ubani. Nikiandika ya mmoja nimeandika ya wote, maana kosa ni moja na daftari ni moja. Barua zitatoka hospitalini kwenda nyumba kumi, na moja itafika Uyole ikiwa na muhuri, italetwa na tarishi asiyejua amebeba nini. Kama mama alikuwa wa kuambiwa, nisingekubali aambiwe na karatasi.

*

Nilimkuta mama yangu uani, ameweka ungo mapajani anachambua maharage. Jua lilikuwa la saa sita. Alifurahi kuniona, kisha akatazama saa yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mchana? Kazini kuna nini? Na hicho kidole?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Yalinikimbia yote, nikabaki na lile moja. "Mama, baba hakujibu. Siku ile. Ilikuwa mashine."

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa. Nikamweleza, nikimeza maneno: mawimbi mawili, la tatu, shaba inayoning'inia, kifuniko. Nikamweleza habari za tikiti, na za dereva wa lori tuliyemuuliza tena. Nilipofika kwenye jina mkono wake ukasimama.

"Jina lake?"

"Ndiyo, mama."

"Nani aliliandika?"

"Mimi."

Akafikiri. "Kwa hiyo yeye alisema hapana."

"Hakusema hapana. Hakusema kitu, au alisema na hatukumsikia, sijui. Hatutajua kamwe, mama. Huenda angekubali kweli."

"Huyo dereva mmemuuliza, amesemaje?"

Kulikuwa na nafasi ya kumdanganya pale. Niliiona, ilikuwa pana. "Mkewe alimuuliza kama anataka akae naye. Akakubali."

"Na baba yako, hilo aliulizwa na nani?"

"Hakuna aliyemuuliza."

Aliuweka ungo chini kwa uangalifu, maharage yasimwagike. Nilisogea nimshike, akauondoa mkono wangu, si kwa hasira, kama mtu anayepisha kitu ili afike kwingine.

"Nyie mlitoka na daktari kwenda kuandaa karatasi," alisema. "Ile taa ilipowaka. Mimi nilibaki naye. Nilimuinamia sikioni, nikamwambia ndaga. Nikamwambia ndaga, baba Suba, umenionea huruma, umeamua mwenyewe, hukuniachia mimi. Nilimwambia ndaga mara nyingi." Alinitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba nimrekebishe, nimwambie amekosea mahali. "Kama alikuwa yumo, Suba, anasikia, basi la mwisho alilolisikia kwangu ni mimi kumshukuru kwa kukubali kufa. Na yeye hana pa kuniambia sijakubali."

Mama yangu hakulia siku ya mazishi, watu walimsifu kwa moyo wake. Alilia siku ile, mchana kweupe, kwa sauti ambayo majirani waliacha kazi zao wakaja mbio wakiuliza nani amefariki. Wakanitazama mimi, kwa kuwa mama hakuweza kusema. Nikawaambia ni baba.